Kumtafuta uliyesoma naye bwenini miaka thelathini iliyopita

Orodha ya darasa ianzie kidato cha kwanza, isianzie cha nne. Wengi wanaoanza kutafutana huchukua picha ya mahafali, wakahesabu nyuso zilizomo, wakaona darasa limetimia. Picha hiyo haina aliyerudishwa nyumbani kidato cha pili kwa kukosa ada na hakurudi tena. Haina waliofukuzwa baada ya mgomo. Haina msichana aliyepata ujauzito kidato cha tatu, akaondoka usiku na tranka lake bila kuaga. Hao wote walikaa dawati moja na nyinyi na kula makande yale yale. Tumeona mara nyingi kwamba ndio wanaofurahi kupita kiasi wakipigiwa simu, na ndio wanaoumia wakigundua kwamba wenzao wamekuwa wakikutana miaka yote hiyo na hakuna aliyewataja. Kabla ya Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021 kuwaruhusu kurudi masomoni, ujauzito kwa mwanafunzi wa shule ya serikali Tanzania Bara ulikuwa mwisho wa shule. Kwa hiyo darasa la wasichana la miaka ya 1980 au 1990 lina majina ya aina hiyo. Yaandikwe ya kwanza, kabla hamjafika kwa waliopata daraja la kwanza.

Inafaa kukumbuka kwa nini watu hawa walipotezana. Kabla ya shule za kata kuenea kupitia Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza 2004, shule za sekondari zilikuwa chache na nyingi zilikuwa za bweni. Kijana wa Masasi alipangiwa Tabora, wa Bukoba akapelekwa Iringa, wa Singida akajikuta Mzumbe. Darasa moja lilikuwa na watu wa mikoa kumi na zaidi. Ilikuwa ni neema, maana urafiki wa nchi nzima ulizaliwa mabwenini. Lakini shule ilipofungwa kwa mara ya mwisho hakukuwa na kijiji kimoja cha kurudi ambako mngeonana sokoni. Kilichobaki ni anwani ya S.L.P. ya parokia, ya shule ya msingi au ya ofisi ya baba, na baba alipohamishwa kituo, barua zikakoma. Waliofika kidato cha sita kabla ya 1994 wana afueni kidogo. Walipita Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, kwa hiyo wana mtandao wa pili, wa kambi na operesheni, yaani kundi la walioingia pamoja, na mara nyingi mwenza wa shule hupatikana kupitia mwenza wa kambini.

Katika kutengeneza orodha, usikae na kalamu ukisubiri majina yaje yenyewe. Chukua karatasi kubwa uchore darasa: mlango, ubao, madirisha, safu za madawati. Jaza nani alikaa wapi. Ukikwama, chora bweni: vitanda vya deka, nani juu, nani chini, nani alilala karibu na mlango na kuamshwa na kila anayekwenda chooni. Kisha chora bwalo na meza zake. Majina ambayo mtu angeapa kwamba ameyasahau hutoka hapo, kwa sababu kichwa hukumbuka mahali upesi kuliko kinavyokumbuka orodha. Wawili au watatu wafanye hivi kila mmoja peke yake, ndipo walinganishe. Mkianza pamoja, wa kwanza kusema huwavuta wengine waikumbuke shule kama anavyoikumbuka yeye, na majina ya pembeni hayatajwi.

Kwa kila jina andikeni mambo haya: majina yote matatu, jina la utani, wilaya au kijiji alichotoka, kazi ya mzazi, mkondo na bweni, mchepuo au kombi, alikoelekea baada ya kumaliza, na mwisho kabisa nani alimwona mara ya mwisho, wapi, mwaka gani. Sehemu hii ya mwisho ndiyo inayofanya kazi kuliko zote. “Alionekana Kahama, 1998, akiuza spea” ni uzi unaoweza kuvutwa. “Nasikia yuko Mwanza” si kitu.

Jina lenyewe ndilo linalopoteza watu wengi. Rejista ya shule ina jina la ubatizo au la Kiislamu, la baba, na la babu au la ukoo, lakini bwenini mtu alijulikana kwa moja tu, pengine la utani. Kazini akaacha la baba akabaki na la ukoo. Mwanamke aliolewa akachukua jina la mume, au anaitwa Mama fulani mtaa mzima na hata jirani hajui aliandikwaje shuleni. Wapo waliobadili dini na jina likabadilika. Kwa hiyo ukiuliza nyumbani kwao, taja mzazi na shule pamoja: mtoto wa bwana shamba fulani, aliyechaguliwa kwenda Tabora mwanzoni mwa miaka ya themanini. Aliyechaguliwa kwenda sekondari enzi hizo alikumbukwa na kijiji kizima, maana huenda mwaka huo alichaguliwa yeye peke yake.

Kijijini pa kuanzia ni kwa mwenyekiti wa kitongoji, ofisi ya parokia au usharika, au imamu wa msikiti. Hapa kuna kanuni ambayo hatujaona sababu ya kuivunja: acha namba yako, usiombe ya kwake. Andika karatasi yenye jina lako la shule, mwaka, bweni na simu yako, na uombe ipelekwe kwa ndugu zake. Mtu akiwa na sababu ya kutopatikana, iwe deni, ndoa iliyovunjika au ugonjwa, atakuwa na uhuru wa kunyamaza. Asipopiga ndani ya miezi miwili au mitatu, tuma ujumbe mara moja nyingine kisha mwache. Kwa wenyeji wa Kilimanjaro, subirini wiki ya mwisho ya Desemba, wanaporudi nyumbani kwa maelfu. Siku hizo tangazo moja kanisani Rombo au Machame huzidi mwaka mzima wa kupiga simu. Kwa watu wa Unguja, Pemba na mwambao, siku za Idi zina kazi hiyo hiyo.

Shuleni kwenyewe nendeni kwa barua kwa mkuu wa shule, mkitaja miaka na mikondo, mkiomba kuthibitisha majina tu. Ofisi yoyote yenye busara itasita kutoa anwani za watu, na ina haki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imewafanya wengi wawe waangalifu zaidi. Kabla ya kufunga safari ulizeni vitabu viko wapi. Mkwawa ya Iringa iligeuzwa chuo kikuu kishiriki mwaka 2005. Ihungo ya Bukoba iliharibiwa vibaya na tetemeko la Septemba 2016, na anayekwenda leo kutafuta bweni lake atakuta majengo mapya. Vitabu vikikosekana, tafuteni watu: matroni, mpishi, mlinzi. Wengi wao walikuwa wenyeji wa hapo hapo, hawakuhamishwa kama walimu, na kumbukumbu zao za watukutu na wagonjwa ni za kushangaza.

Halafu kuna shajara na vitabu vya simu vya zamani. Namba iliyoandikwa kabla ya mabadiliko ya katikati ya miaka ya 2000 haitaita ilivyo. Iliyoanza na 0744 ilikuja kuwa 0754, na iliyoanza na 0748 ikawa 0784, tarakimu nyingine zikibaki vile vile. Inafaa kujaribu. Ila laini nyingi za zamani zilizimwa katika usajili wa alama za vidole, ambao siku ya mwisho ilikuwa tarehe 20 Januari 2020, na namba iliyokaa bila kutumika hupewa mtu mwingine. Wengine huthibitisha kwa kuanza kutuma pesa ili jina litokee, kisha wanaghairi kabla ya kuweka namba ya siri. Jina litakalotokea ni la aliyesajili laini, na huenda ni la mtoto wake, au la mgeni kabisa aliyerithi namba. Kulingana kwa jina kunatia moyo tu, hakujathibitisha kitu.

Kuna jambo la majina linalohitaji tahadhari kubwa, na wengi hulipita bila kuliona. Enzi za nafasi chache, wapo waliorudia darasa la saba kwa jina jingine, au waliosoma sekondari kwa jina la aliyechaguliwa akashindwa kwenda. Mliyemfahamu kwa jina moja anaweza kuwa ameishi na jina jingine maisha yake yote ya utu uzima. Uhakiki wa vyeti wa mwaka 2017 ulitoa majina ya watumishi wa umma 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi, na tangu hapo suala la vyeti na majina ni kidonda kwa familia nyingi, zikiwemo ambazo hazikuwa na kosa lolote. Kwa hiyo msibandike orodha yenye jina la zamani na jina la sasa kwa pamoja mahali ambapo watu wote wataiona. Muulize mwenyewe, faraghani, anataka aandikwe vipi, na msiulize kwa nini.

Namba ikishapatikana, tanguliza ujumbe wa maandishi. Usipige ghafla na usibip, maana namba ngeni leo huhesabiwa kuwa ya tapeli. Ujumbe unaojibiwa huwa hivi:

“Habari za leo. Samahani kwa usumbufu. Naitwa fulani bin fulani. Nilisoma shule fulani, mwaka 1984 hadi 1987, mkondo B, bweni la Karume. Namtafuta fulani tuliyesoma naye. Namba hii nimepewa na fulani wa Morogoro. Kama si wewe, naomba radhi. Kama ni wewe, niambie saa inayokufaa nikupigie.”

Kila kipande hapo kina kazi yake. Mwaka na bweni vinaonyesha kwamba wewe si mbahatishaji. Jina la aliyetoa namba linampa mtu wa kumuuliza kabla ya kujibu. Sentensi ya mwisho inamwachia yeye achague saa. Ujumbe unaoanza na “Unanikumbuka?” haujibiwi, na ukijibiwa unaanza kwa aibu, maana wengi hawakumbuki mara moja na hawapendi kusema. Jitambulishe kikamilifu kila mara, hata mkikutana ana kwa ana, mpaka uso wake uonyeshe kwamba amekupata.

Mwanamume anayemtafuta mwanamke aliyesoma naye apitie kwa mwanamke mwingine wa darasa lile, na mwanamke anayemtafuta mwanamume apitie kwa mwanamume. Ujumbe wa usiku kutoka kwa “yule wa sekondari” umevuruga nyumba zilizokuwa na amani, hata pale ambapo hakukuwa na nia yoyote mbaya. Simu ya kwanza ipigwe mchana, kati ya saa 4 asubuhi na saa 11 jioni. Aliyeko Muscat yuko saa moja mbele ya Dar es Salaam. Aliyeko London yuko nyuma kwa saa mbili au tatu kutegemea majira, na wa New York kwa saa saba au nane. Waliokwenda nje miaka ya tisini wana mambo ya makaratasi ambayo wengine hawajayamaliza hadi leo, kwa hiyo picha zao na anwani zao zisisambazwe bila ruhusa.

Tahadhari na wewe pia. Matapeli hupenda watu wanaotafutana, kwa sababu furaha hulegeza ulinzi. Kabla ya kuzungumza jambo lolote la pesa na mtu uliyempata kwa simu, muulize kitu ambacho hakimo mtandaoni: kengele ya shule ilikuwa nini, rimu ya lori au kipande cha reli; Jumapili mlikula nini; maji yalikuwa yakichotwa wapi yakikatika; mwalimu wa zamu mkali aliitwaje kwa siri. Aliyelala bweni lile hujibu kabla hujamaliza swali, na huongeza lake. Anayesema amesahau yote huenda ni mkweli, lakini subiri kumwona uso.

Simu ya kwanza isizidi dakika ishirini. Swali la kwanza Waswahili tumezoea kuuliza ni la watoto, kazi na wazee, na tunauliza kwa upendo. Ila kwa mtu usiyejua alikopita kwa miaka thelathini, kila moja linaweza kugonga kaburi. Uliza “Nyumbani ni wazima?” naye atataja anaotaka kuwataja. Badala ya “Unafanya kazi wapi?” uliza “Baada ya kumaliza ulielekea wapi?” Mtu huanza anapopenda, na anakopita haraka, mwache apite.

Habari za vifo zipangiwe mahali pake. Kizazi kilichomaliza sekondari miaka ya themanini na tisini kiliondokewa na watu wengi. UKIMWI ulitambuliwa nchini kwa mara ya kwanza mwaka 1983 mkoani Kagera, na dawa za kufubaza virusi hazikuanza kutolewa kwa wingi hospitali za umma hadi 2004. Kati ya miaka hiyo, madarasa mazima yalipungua. Waliosoma Kanda ya Ziwa wana majina waliyoyapoteza katika meli ya MV Bukoba iliyozama tarehe 21 Mei 1996. Mtu akiuliza “Na fulani yuko wapi?” kwenye simu ya kwanza, akajibiwa “Alishafariki” mara tatu mfululizo, simu hiyo haitapona. Kwa hiyo anayeratibu awe na orodha ya marehemu iliyothibitishwa na ndugu au na mtu aliyehudhuria mazishi. Ampe mwenzake aliyepatikana orodha hiyo taratibu, siku nyingine, jina kwa jina. Uvumi hautoshi kabisa. Mtu ambaye jina lake limesomwa kati ya marehemu hujitokeza akiwa hai Sumbawanga, na anayeaibika ni yule aliyeandika. Wala msiulize sababu ya kifo. Pole kwa msiba wa miaka ishirini iliyopita bado ni pole, itolewe kama msiba ni wa jana, kwa sababu kwako umeusikia leo.

Mkutano wa kwanza uwe wa watu wawili hadi watano. Tumewaona wanaokodi ukumbi na kushona fulana kabla hata ya watano kukaa pamoja, na hujikuta wamejaza ukumbi wa wageni wanaotazamana. Watano wanaweza kusikilizana wote. Wakishashikamana, wao ndio hubeba wa sita hadi wa arobaini.

Mahali: pasiwe nyumbani kwa mtu yeyote, kwa mara ya kwanza. Nyumba husema mengi mno kabla mwenyewe hajasema. Aliye na jumba huonekana anajionyesha, na mwenye vyumba viwili vya kupanga hatakualika, atatafuta udhuru mpaka uchoke. Tafuta mgahawa wa kawaida wenye chakula ambacho Mwislamu na Mkristo watakula bila kuuliza, unaofikika kwa daladala, usio na ngazi nyingi, na usiopiga muziki mchana. Umri huu masikio yameanza kupungua na magoti hayapendi ghorofa, ingawa hakuna atakayesema. Chakula kiwe mezani kwa wakati, maana kati ya watano hakosi mmoja mwenye sukari au presha, na anayetumia dawa za sukari hawezi kusubiri pilau mpaka saa 10 jioni. Maji yawepo mengi, na soda isisukumwe kwa mtu. Kuhusu pombe, kama yupo hata mmoja asiyekunywa, acheni siku hiyo.

Siku nayo ina mitego. Ijumaa mchana kuna swala. Jumamosi haifai kwa Msabato. Jumapili asubuhi ni ibada. Mwezi wa Ramadhani chakula cha mchana hakipangwi. Kwa darasa lenye mchanganyiko, Jumapili kuanzia saa 8 mchana ndiyo tumeona inawafaa wengi. Tangu serikali ihamie Dodoma wenzenu wengi walio kazini wako huko, na tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma Julai 2024, safari ya kutoka Dar es Salaam huchukua kama saa nne tu, kwa hiyo mtu anaweza kuja asubuhi na kurudi usiku. Wa mikoa mingine wapangiwe kulala.

Malipo yamalizwe kabla ya watu kuketi. Aliyeita alipe, au wawili wenye uwezo wakubaliane kimya kimya, na tamko liwe moja tu: chakula kimeshalipiwa. Kuchangishana mezani kwa mara ya kwanza kunamfanya mmoja ahesabu sarafu huku akicheka. Nauli ya anayetoka mbali itumwe siku mbili kabla, na mtu mmoja, bila kutajwa kundini.

Shikamoo haina nafasi kati ya waliosoma darasa moja, hata kama mmoja amekuwa jaji au askofu. Ila mbele ya watu wengine mwite kwa cheo chake au kwa jina la mwanawe, kisha mwachie yeye akuambie “Acha bwana, niite kama zamani.” Kwa aliyekuwa kidato cha sita wewe ukiwa njuka, yaani mgeni wa kidato cha kwanza, salamu ya heshima bado inampendeza. Jina la utani ndilo la hatari zaidi. Mengi yalitokana na kejeli ya umbo, ya umaskini wa nyumbani au ya kabila, na mwenye nalo alicheka kwa sababu hakuwa na njia nyingine. Usilitamke wa kwanza, na usilitamke kabisa mbele ya watoto wake.

Leteni picha moja au mbili za zamani, zisizidi. Picha ya pamoja husaidia dakika kumi za mwanzo, wakati kila mtu anatafuta ndani ya uso wa mzee aliye mbele yake yule kijana aliyemfahamu. Picha iliyoganda kwenye plastiki ya albamu isivutwe kwa nguvu, itachanika rangi. Ipigwe na simu ikiwa humo humo, imelazwa mezani karibu na dirisha, bila mwanga wa simu, ukisimama juu yake ili kivuli chako kisiingie. Nyuma ya nakala mpya andikeni majina safu kwa safu kutoka kushoto, siku hiyo hiyo, wakiwepo watu wengi wa kusahihisha.

Mtashangaa jinsi kumbukumbu zinavyopishana. Tukio moja la mgomo, kila mmoja atalisimulia kwa namna yake, na kila mmoja ataapa. Msishindane. Aliyekuwa kaka mkuu aliiona shule kutoka paredi, aliyepigwa aliiona kutoka chini. Hapa ndipo makovu hutokea. Aliyekuwa akichukua sukari na sabuni za wadogo kwa nguvu, au kiranja aliyechapa kupita kiasi, huenda amesahau kabisa, lakini aliyefanyiwa anakumbuka hata siku ya juma. Kama ni wewe uliyetenda na unakumbuka, omba radhi mkiwa wawili, taja tendo lenyewe kwa jina lake, usieleze sababu, wala usidai jibu. Maneno matatu yanatosha. Ukiomba radhi mbele ya kundi unamlazimisha akusamehe hadharani, na huo ni uonevu wa pili. Kama ni wewe uliyetendewa, hulazimiki kuhudhuria mkutano ambao mtu huyo yupo. Mratibu mwema humwambia kila mtu mapema nani amealikwa.

Kuhusu pesa, mkubaliane mapema kwamba kwa miezi sita hakuna kukopana, hakuna kuuziana bima, viwanja wala dawa za lishe, na hakuna kualikana kwenye fursa. Wenye miaka 55 wameanza kustaafu kwa hiari na wa 60 kwa lazima, kiinua mgongo kinajulikana kipo, na kila mwenye mradi anakitafuta. Mwenza aliyepatikana leo akipigwa mzinga, yaani akiombwa pesa, wiki ijayo hatapokea simu tena, na ataamini kwamba ndiyo sababu alitafutwa. Mwenye shida ya kweli hupata msaada mkubwa zaidi akisubiri, kwa kuwa baada ya miezi sita watu wameshamjua upya na wanatoa kwa moyo.

Kundi la WhatsApp lije baada ya mkutano, na kila mtu aulizwe kabla ya kuingizwa. Kuingizwa ghafla kati ya watu themanini ambao hujawaona tangu ujana kunamfanya mtu ajitoe usiku huo huo, na aliyejitoa haombi kurudi. Siasa na mahubiri yawekewe mpaka siku ya kwanza. Rambirambi ziwe na kiwango kimoja kwa wote, kwa wafiwa wa aina zilizotajwa wazi: mwenyewe, mke au mume, mtoto, mzazi. Kisipowekwa kiwango, mtoto wa waziri atachangiwa mara ishirini ya mtoto wa mwalimu mstaafu, na mwalimu ataona. Fedha zikianza kukusanywa, akaunti iwe na watia saini watatu, na taarifa itumwe kila mwezi hata kama hakuna kilichoingia.

Kabla ya kuagana siku ya kwanza, kila mmoja aache namba ya pili, ya mtoto wake mkubwa au ya mwenzi wake, na huyo mtu aambiwe kwamba namba imetolewa na kwa nani. Wenza wengi waliopatikana baada ya miaka thelathini wamepotea tena kwa sababu simu iliibwa. Wengine waliugua, simu ikakaa chini ya mto hospitalini bila chaji, na darasa likapata habari siku arobaini baada ya mazishi. Mratibu azipigie namba hizo mara mbili kwa mwaka, Juni na Desemba, asalimie tu, na asahihishe zilizobadilika.